Mwalimu wa Rust wa Kwa Vonza

Siku ya kwanza alituuliza kila mmoja ameandika programu za kompyuta kwa miaka mingapi. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya maabara, wote watu wazima wenye kazi zetu za wiki, na tulijibu kwa majivuno ambayo hatukujaribu kuyaficha. Mmoja alisema minne, mwingine saba. Mutuku, aliyekuwa akitengeneza programu za simu Nairobi na kurudi kwao Kitui kila wikendi, alisema kumi. Mimi nilisema sita, nikaongeza kwamba nilijifunza mwenyewe, bila mtu kunishika mkono. Mwalimu alisikiliza hadi wa mwisho, akapangusa chaki mikononi ingawa alikuwa hajaandika kitu, kisha akasema, "Poleni sana. Nyinyi mtapata shida kuliko wale hawajui kitu."

Hapo ndipo nilipoanza kumchukia. Naeleza haya nikiwa nimeshamsamehe kitambo.

Somo lilikuwa la Jumamosi, katika chuo kikuu kilicho karibu na Kwa Vonza, na lilikuwa la watu wanaojua tayari lugha moja ya programu na wanataka ya pili. Ya kwanza, kwa wengi wetu, ilikuwa Python. Ya pili ilikuwa Rust. Zote mbili ni njia za kuiandikia mashine maagizo, lakini Python inakuamini na kukuacha uende mbio, nayo Rust haimwamini mtu. Kabla haijakubali kazi yako inaisoma yote, na ikikuta mahali ambapo jambo linaweza kuharibika na hukusema utafanya nini likiharibika, inakataa kuendelea. Inakataa kwa maandishi mekundu marefu. Mwalimu aliyapenda yale maandishi mekundu kama mtu anavyopenda barua kutoka nyumbani, na sisi tuliyaona kama matusi.

Mimi nilienda pale kwa ajili ya friji. Katika zahanati tatu upande wa Kasikeu, mojawapo ikiwa ya kanisa letu, chanjo za watoto hukaa kwenye friji ambazo hazitakiwi kupata joto. Nilikuwa nimetengeneza kifaa kidogo chenye kipimajoto kinachokaa ndani ya friji na kumtumia muuguzi ujumbe wa simu joto likipanda. Kilikuwa kimefanya kazi mwaka mzima na zaidi, na Sista Mbithe, muuguzi wa zahanati yetu, alinisifu mbele za watu hadi nikaona haya. Kasoro yake ni kwamba kilikula umeme sana, na stima ikipotea betri yake haikuvuka siku tatu. Nilitaka kukiandika upya kwa Rust ili kiingie kwenye kifaa kidogo zaidi, kinachoweza kuishi kwa betri siku nyingi stima ikipotea. Nikifaulu, zahanati nyingine zingekipokea. Nikishindwa, Sista angeendelea kutoka mbio katikati ya harusi za watu kila stima ikikawia kurudi, akaangalie friji kwa macho yake. Nilimwambia mwalimu haya yote wiki ya kwanza, na tangu siku hiyo akaniita Mama Friji.

Alikuwa mtu mwembamba, wa tai kila Jumamosi na sweta juu ya tai, katika joto ambalo mbuzi wenyewe walilitafutia kivuli. Kwao kulikuwa kule kwa baridi, katikati ya Kenya. Alikuja Ukambani kwa mkataba mfupi, akabaki, akanunua shamba ambalo halikumpa chochote isipokuwa ndengu na kazi. Mezani pake hapakukosa machungwa. Alipokuwa akifikiria swali lako alilimenya chungwa kwa kisu kidogo, polepole, na usipokuwa na subira ungeweza kudhani amekusahau. Akimaliza kumenya alikugawia nusu, halafu akakuambia swali lako ni baya.

Namna yake ya kufundisha sijaiona kwingine. Kila Jumamosi programu ya mtu mmoja ilisomwa mbele ya darasa kwa sauti, mstari kwa mstari, na aliyeisoma hakuwa mwenyewe. Mwenyewe alikaa kiti cha mbele na hakuruhusiwa kufungua mdomo. Mwalimu aliwataka wasomaji wasome kama wazee wa kanisa wanavyosoma neno Jumapili, bila haraka, na kila waliposhindwa kuelewa waulize kwa sauti: hapa ikikosekana? hapa ikirudi tupu? Jibu lilitakiwa kutoka kwenye maandishi. Likikosekana kwenye maandishi, mwenyewe angejipinda kwenye kiti kama mtu mwenye siafu na bado asingeruhusiwa kueleza.

"Lakini mwalimu, mimi najua nilikuwa namaanisha nini!" mtu mmoja wa ofisi ya kaunti alilalamika siku yake.

"Na siku hautakuwa?" mwalimu alimjibu. "Utazikwa na hiyo maana?"

Tulicheka, na huyo wa kaunti mwenyewe akacheka. Watu wa huku hawapendi kuaibishwa mbele za watu, na kwa wiki tatu za kwanza nusu yetu tuliongea juu ya kuacha. Hatukuacha, kwa sababu namna ile ilikuwa inafanya kazi. Tulikuwa na ugonjwa mmoja, sote, na haungetoka kwa njia nyingine. Tuliandika Rust huku tukiwaza Python. Maneno yalikuwa mapya lakini tabia zilikuwa zile za zamani, na mtu hasikii tabia zake mpaka azisikie kwa mdomo wa mwingine.

Mojawapo ya tabia hizo aliifanyia mzaha karibu kila wiki. Alituambia alipohamia Kwa Vonza alimtembelea jirani. "Nikamwuliza, habari ya hapa? Akaniambia nesa. Watoto? Nesa. Mbuzi? Nesa. Tukakunywa chai mpaka ikaisha. Sasa nasimama niende, ndio ananiambia, ni vile tu jikoni iliungua jana." Darasa lilivunjika mbavu kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na mjomba wa namna hiyo. Nesa kwa Kikamba ni nzuri tu, na huku mtu hujibu nesa kwanza hata kama amefiwa. Mutuku akasema hata kwao mwalimu ni vivyo hivyo, na mwalimu akakubali bila ubishi. Kwa binadamu hiyo ni adabu, alisema, inampa mgeni nafasi ya kukaa chini. "Lakini mashine haina mgeni. Ikisema nesa, jikoni iwe nzima."

Mtu huyohuyo aliendesha gari ambalo mshale wake wa mafuta ulikuwa umekwama kwenye nusu. Ulisema nusu akitoka kujaza na ulisema nusu likizimika barabarani. Lilizimika mara mbili nikiwa ndani, mara ya pili kati ya soko na lango la chuo, na tulilisukuma watu wanne huku yeye ameshika usukani kupitia dirishani, tai ikipepea begani. Nikamwambia, kwa hasira kidogo, kwamba anatufundisha Jumamosi nzima juu ya vipimo vinavyodanganya na yeye mwenyewe anabeba kimoja. "Hicho nakijua," alisema. "Nimekizoea." Nikamwuliza kama kukizoea kumelijaza tangi. Akainama akasukuma, na nilifurahi wiki nzima.

Na hakuwa mnyenyekevu, nisije nikamchora malaika. Alichukia kusahihishwa. Yeye na Mutuku walibishana majuma mawili juu ya jambo dogo ambalo sisi wengine tulishalisahau, na mwalimu alipandisha sauti, akapiga ubao kwa kiganja, akasema vijana wa Nairobi wanasoma vichwa vya habari tu. Halafu Jumanne moja alfajiri simu zetu zote zililia kwenye kikundi cha darasa. Alikuwa ameandika: "Mutuku uko sawa. Mimi nilikosea tangu mwanzo." Jumamosi yake alikuwa amemnunia Mutuku kana kwamba ni Mutuku aliyekosa.

Siku yangu ya kusomwa ilifika muhula ukikaribia kuisha. Nilikwenda nimevaa vizuri. Kifaa changu kipya kilikuwa kimewaka nyumbani, kikapima joto la friji ya mama yangu, kikatuma ujumbe, na Rust yenyewe ilikuwa imeikubali kazi yangu bila hata mstari mmoja mwekundu. Kabla ya kukubali ilikuwa imenisumbua sehemu moja tu. Ilitaka niseme nitafanya nini kipimajoto kisiposomeka, nami nikaiambia itumie kipimo cha mwisho kilichosomeka. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya kwenye kile cha zamani, cha Python. Ikanyamaza.

Mutuku ndiye aliyesoma. Alisoma vizuri, nami nilikuwa nimekaa mbele mikono juu ya magoti, nikingoja kusifiwa.

"Kama kipimo hakisomeki," alisoma, "chukua kipimo cha mwisho."

"Rudia," mwalimu alisema.

Mutuku alirudia. Halafu akainua macho, na naamini aliliona kabla yangu. "Cha mwisho cha lini?" aliuliza. "Cha dakika tano? Cha juzi? Hapa haisemi."

Kwa kanuni sikutakiwa kusema. Nilikuwa naiona friji ya Sista Mbithe. Nilikuwa naona waya wa kipimajoto ukilegea, pengine panya, pengine mtu amevuta katoni, na kifaa changu, ambacho hakijui tena lolote juu ya friji ile, kikiendelea kuripoti digrii nne, digrii nne, digrii nne, sawa, sawa, huku chanjo zikipata joto. Hicho kipya kilikuwa bado mezani kwa mama. Cha zamani, chenye maagizo yaleyale, kilikuwa kwenye zahanati tatu tangu mwaka uliopita.

Mwalimu alisema twende mapumziko. Alinifuata nje hadi kwenye kivuli cha jengo, na safari hii hakuwa na chungwa wala mzaha.

"Hiyo ya zamani iko hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Wanajua?"

Nikamwambia nitarekebisha. Nilishapanga kila kitu kichwani kwa dakika zile chache: ningeenda Jumatatu, niseme ninaboresha kifaa, nibadilishe maagizo katika zahanati zote tatu, na mambo yangeisha bila mtu kushtuka. Yeye akatikisa kichwa.

"Na watoto wenye walidungwa tayari?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye ana mshahara wake na cheti chake, akikosea anaandika meseji moja asubuhi na maisha yanaendelea, lakini mimi sina hata karatasi moja inayosema najua kazi hii. Nina jina tu, na jina hilo likiharibika Kasikeu limeharibika kila mahali. Nililia pia, na sioni haya kusema. Alingoja nimalize.

"Mimi nafundisha Rust," alisema. "Kupiga hiyo simu siwezi kukufundisha. Lakini naweza kusimama hapa ukipiga."

Nikapiga. Alisimama hatua mbili kutoka kwangu, amenipa mgongo, akitazama uwanja kama mtu anayemsubiri mwenzake chooni.

"Sista," nilisema, "kile kifaa kinaweza kuwa kinasema iko sawa na haijui."

"Tangu lini?"

"Tangu niiweke."

Sista Mbithe ni mtu wa sauti kubwa, nami nikaisogeza simu mbali na sikio. Kisha akaanza. "Mimi siku za kazi naangalia na kuandika asubuhi na jioni, vile tulifunzwa. Lakini Jumamosi na Jumapili niliacha. Unajua kwa nini niliacha? Kwa sababu wewe uliniambia, Sista, pumzika, hii itakuangalizia. Uliniambia hivyo mbele ya pasta!" Nikasema ndiyo, nilimwambia. "Kuja," akasema, akakata simu.

Nilifika Kasikeu jioni ile ile. Tulifungua kumbukumbu za kifaa, Sista kwenye kiti na mimi nimesimama, na hatukuhitaji kutafuta sana. Joto la friji iliyo nzima hubadilika kidogo kila saa, linapanda, linashuka. Kulikuwa na wikendi moja ambapo namba ilikuwa moja, ileile, kuanzia Jumamosi mchana hadi Sista alipofungua mlango Jumatatu asubuhi na, bila kujua, akausukuma waya mahali pake. Wikendi hiyo stima ilikuwa imepotea, ikarudi Jumapili usiku. Kila mtu pale sokoni aliikumbuka kwa sababu ya nyama iliyooza. Katika zahanati zile nyingine mbili hatukukuta namba iliyokwama hivyo. Katika yetu, Sista aliipigia simu ofisi ya afya, chupa chache zilizokuwa bado zimebaki zikatolewa, na watoto waliodungwa wiki zilizofuata wikendi ile wakatakiwa kurudi.

Njia ya kuwapata wazazi upesi ilikuwa moja. Jumapili, wakati wa matangazo, baada ya harambee ya mabati na kabla ya kwaya ya kina mama, nilisimama mbele ya kanisa karibu na Sista, nikaeleza. Nilieleza kwa Kikamba chepesi. Nilisema kifaa ni changu na kosa ni langu, na kwamba watoto hawakudhurika ila huenda chanjo ile haikuwa na nguvu, kwa hivyo warudi. Nilitamani sakafu inimeze. Susu mmoja, bibi wa kiti cha nyuma, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwao, aliinuka akasema, "Umefanya vizuri kutuambia. Lakini usirudie." Akakaa. Na walirudi, wote, wiki ile ile.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Kwa Vonza nikiwa nimejiandaa kupokewa kama shujaa. Mwalimu alipokea kazi yangu, iliyoandikwa upya kuanzia juu hadi chini, akaangalia tarehe, akakata alama kwa sababu nilichelewesha siku mbili. Nikamkumbusha kilichonichelewesha. "Najua," alisema. "Nilikuwa hapo." Nilimaliza somo lile na alama za wastani kabisa, na hasira ya alama hizo ilinichukua mwezi mzima. Leo nadhani alinifanyia heshima ambayo sikuielewa: hakutaka kunilipa kwa kusema ukweli, kana kwamba ulikuwa kazi ya ziada. Au pengine alikuwa tu mtu mgumu wa alama. Mutuku naye alikatwa.

Kifaa kipya hakikuwa na maneno mawili kama kile cha zamani. Kilikuwa na matatu: SAWA, JOTO, na SIJUI. Hilo la tatu ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kuliandika, na ndilo Sista alilolichukia kwanza, maana lilimsumbua kwa kila waya uliocheza. Baada ya miezi michache aliacha kulalamika. Zahanati mbili za jirani zilikiomba, halafu moja ya upande wa Emali, na muuguzi wa Emali alipouliza kama ni mimi yule wa kanisani, nilisema ndiyo, akasema basi nikilete kwake.

Mwaka huu, siku ya kliniki ya watoto, Sista alinipigia asubuhi. Kifaa kilikuwa kimesema SIJUI, naye amesimamisha foleni. Nilitoka nyumbani na mkoba wa vifaa nikakuta benchi zimejaa, watoto wanalia, kina mama wamechoka. Na kwenye benchi la pili, kati ya akina mama wawili wenye leso, tai shingoni na sweta juu ya tai, alikaa mwalimu wangu akiwa na mtoto mchanga mapajani. Binti yake, nilikuja kujua, anafundisha shule ya karibu na alikuwa na mitihani siku ile. Mwalimu alikuwa amezeeka. Alikuwa ameacha kazi chuoni na masikio yake, aliniambia baadaye, yalikuwa yameanza kupoteza usikivu. Aliniona, akainua kidole kimoja kutoka mgongoni mwa mtoto, akakirudisha.

Nilifungua friji pamoja na Sista, haraka, nikakagua waya. Ulikuwa mzima. Nikakagua betri, nayo nzima. Nikatoka mlangoni, na macho yote yalinigeukia.

"Sasa mwaitu," mama mmoja aliniuliza, akiniita mama kwa Kikamba, na hakuwa mpole, "tumetoka mbali na hawa watoto. Hiyo dawa iko sawa ama haiko sawa?"

Ingekuwa rahisi sana. Kipimajoto cha mkono cha Sista kilikuwa kinaonyesha namba nzuri wakati ule. Lakini sikujua hali ilikuwaje tangu usiku, na kifaa hakikujua pia.

"Sijui bado," nilisema. "Nipeni saa moja. Nikishindwa kujua, Sista ataleta ingine kutoka Emali, na mtangoja zaidi. Poleni."

Palikuwa na mguno. Mama yule akamgeukia mzee aliyekaa kando yake, ambaye hakuonekana kuwa mwenyeji. "Mzee, huyu msichana kweli anajua kazi yake?"

Mwalimu alimhamisha mtoto kutoka goti moja hadi lingine, akalifungua sweta lake kifungo kimoja kwa ajili ya joto.

"Amesema hajui," alimwambia. "Basi tungoje."